Bridge mtandaoni: madau yasiyo na tahadhari, maamuzi yasiyo na sababu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata ili niongee kuhusu karata. Msikimbie, programu zitaingia tu kabla hatujamaliza.

Hoja yangu ni fupi. Katika bridge ya mtandaoni waamuzi wengi hutoa uamuzi ulio sahihi kwa njia iliyo mbovu. Mchezaji anaona alama zake zimebadilishwa, haelezwi kwa nini, na anaondoka akiamini ameitwa mwizi. Tatizo hilo haliwezi kumalizwa na waamuzi peke yao. Sehemu kubwa iko mikononi mwa wanaoandika programu.

Najua swali linalofuata: mtu wa Rongai na bridge wapi na wapi? (Na ni Rongai ya Nakuru, kwenye njia ya kwenda Eldoret. Ongata Rongai iko Kajiado. Nimechoka kueleza hili.) Jibu ni kwamba Kenya ina chama chake cha bridge, kilicho mwanachama wa Shirikisho la Dunia la Bridge, WBF, katika Kanda ya 8 ambayo ni Afrika. Lakini kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 190. Hakuna atakayepanda matatu Jumatano jioni akacheze migao kumi na miwili halafu arudi kazini Alhamisi asubuhi. Klabu yetu ni intaneti. Matthew Clegg alianzisha OKbridge mwaka 1990, Bridge Base Online, maarufu kama BBO, ikaja mwaka 2001, na leo ukiwa na simu na bando unaweza kukaa meza moja na mtu wa Uturuki au Kanada. Kwa hiyo haki ikikosekana mtandaoni, sisi wa huku hatuna meza nyingine ya kuhamia.

MCHEZO KWA UFUPI

Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na kila mmoja anapata karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila jozi inataja dau, yaani raundi ngapi itashinda na turufu itakuwa gani: pau (maua), uru (almasi), kopa (moyo), shupaza, au bila turufu. Viwango ni saba na aina ni tano, kwa hiyo madau ni 35. Ongeza kupita, kuongeza maradufu na kurudia maradufu, unapata maneno 38. Hiyo ndiyo lugha nzima ambayo wewe na mwenzako mnaruhusiwa kuitumia kuelezana mna nini mkononi.

Kwa kuwa maneno ni machache, wachezaji huyapa maana za kubuni. Mwenzako akifungua na moja bila turufu, nawe ukisema pau mbili, kwa jozi nyingi hilo halina uhusiano na pau. Ni swali: je, una karata nne za kopa au za shupaza? Msanidi programu ataelewa mara moja. Ni itifaki ya mawasiliano, na biti ni chache.

Ila kuna sharti moja: itifaki lazima iwe wazi. Hairuhusiwi kuwa na maana ambayo wewe na mwenzako mnaijua lakini wapinzani hawaijui. Dau lenye maana isiyo ya kawaida linatolewa tahadhari, na mpinzani akiuliza anaelezwa.

Hili si geni kwetu. Waliocheza kadi shuleni wanajua: ukitaka kumaliza zamu ijayo, sharti useme "niko kadi". Usiposema, humalizi hata kama karata unazo. Hakuna anayeiona sheria hiyo kuwa ya adabu tu. Bila hiyo mchezo unaharibika.

NANI ANATOA TAHADHARI?

Hapa ndipo mtandao ulipogeuza mambo, na wengi hawajui.

Kwenye meza ya kawaida, anayetoa tahadhari ni mwenzi wa aliyetaja dau. Mimi nikisema pau mbili, mwenzangu ndiye anayewaambia wapinzani kwamba kuna kitu hapo. Ningejieleza mwenyewe, mwenzangu angesikia, na kama alikuwa amesahau tulivyokubaliana ningekuwa nimemkumbusha kinyume cha sheria.

Mtandaoni ni kinyume. Unajitolea tahadhari mwenyewe. Unabonyeza kitufe, unaandika maelezo, wapinzani wanayaona na mwenzako hayaoni. Wazo lenyewe lilikuwepo kabla ya intaneti. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1975 huko Bermuda, mapazia yaliwekwa mezani kwa mara ya kwanza ili wenzi wasionane nyuso. (Jozi moja ya Italia ikashutumiwa kupelekeana ishara kwa miguu chini ya meza, kwa sababu pazia halikufika chini. Mtu akitaka kuvunja mfumo, hutafuta pale ulipoishia.) Kwenye pazia kila mchezaji humtahadharisha mpinzani aliye upande wake kuhusu dau lake mwenyewe pia. Bridge ya mtandaoni ni pazia lisilo na upande wa chini.

Huu ni mfumo bora. Kujitolea tahadhari hakukugharimu kitu, kwa kuwa mwenzako haoni. Basi kanuni ya mtandaoni ni rahisi: ukiwa na shaka kama dau linahitaji tahadhari, toa. Lakini anayejifunza bridge kwa kitabu cha zamani anafundishwa kinyume chake.

KISA

Rafiki yangu mmoja hapa Rongai alijifunza hivyo hivyo, kwa kitabu. Yeye na mwenzake walikuwa wamekubaliana kutumia mtindo unaoitwa Landy: mpinzani akifungua na moja bila turufu, dau la pau mbili linaonyesha kopa na shupaza kwa pamoja. Siku ya mashindano, mpinzani wa kaskazini akafungua na moja bila turufu. Rafiki yangu, akiwa na kopa tano na shupaza nne, akasema pau mbili. Hakutoa tahadhari. Kitabu kilimwambia hiyo ni kazi ya mwenzake, na mwenzake hakuwa na kitufe cha kutolea tahadhari dau lisilo lake.

Mpinzani wa kusini akadhani pau mbili ni pau kweli. Alikuwa na shupaza tano na pau dhaifu. Akaogopa kucheza bila turufu, na jozi yao ikaishia kwenye shupaza nne. Shupaza zilizobaki nje zilikuwa tano. Nne zilikuwa mkononi mwa rafiki yangu. Mkataba ukashindwa kwa raundi moja.

Wapinzani wakamwita mwamuzi. Baada ya muda alama zikabadilishwa: si shupaza nne tena, bali tatu bila turufu zilizotimia. Ujumbe ulikuwa wa maneno matatu ya Kiingereza yaliyomwambia tu atoe tahadhari kila mara. Basi. Rafiki yangu hajarudi kwenye mashindano tangu siku hiyo.

Sasa, uamuzi ulikuwa sahihi. Mtaniwia radhi, lakini hapa simtetei. Mwamuzi anapaswa kujiuliza maswali matatu. Je, wapinzani walipewa taarifa potofu? Ndiyo. Makubaliano yalikuwepo na hayakutangazwa. Je, wangejua wangefanya tofauti? Inaelekea hivyo. Kusini asingeogopa pau, na angejua shupaza zimekaa vibaya. Je, tofauti hiyo iliwagharimu? Ndiyo. Kanuni ya 12 katika Kanuni za Bridge za mwaka 2017 inamtaka mwamuzi arudishe, kwa kadiri inavyowezekana, matokeo ambayo yangepatikana kama kosa lisingetokea. Akiona yangeweza kuwa zaidi ya moja, anaruhusiwa kuyapima kwa uzito, kwa mfano theluthi mbili kwa mkataba mmoja na theluthi moja kwa mwingine.

Angalia jambo moja. Hakuna popote katika maswali hayo panapouliza kama rafiki yangu alikusudia kudanganya. Kurekebisha alama si adhabu. Ni kama kumrejeshea mtu pesa zilizotumwa kwa nambari isiyo yake: aliyezipokea hakuiba, lakini zinarudi kwa mwenyewe. Adhabu ni jambo tofauti, lina Kanuni yake ya 90, na hapa halikutumika. Sentensi moja tu, "huu ni urekebisho, si adhabu, na mtandaoni unajitolea tahadhari mwenyewe," ingemfanya awe mchezaji bora. Aliikosa, naye akaacha.

UONGO UNAORUHUSIWA

Upande wa pili wa shilingi ni malalamiko yanayokuja kila siku: "Mwamuzi, huyu amesema kopa na hana kopa!"

Pole sana, ndugu. Kanuni ya 40 inamruhusu mchezaji kutaja dau lolote bila kutangaza kwanza, mradi halitokani na maelewano ya siri na mwenzake. Dau la hadaa ni halali. Ni sawa na mchezaji wa mpira anayejifanya kwenda kushoto akaenda kulia. Kipimo ni mwenzake: je, naye amedanganyika sawa na wewe? Akidanganyika, umepigwa chenga ya halali. Akicheza kama mtu aliyejua, hapo kuna swali.

Kuna na aliyesahau tu. Wamekubaliana pau mbili ni pau, yeye akadhani ni Landy. Wapinzani wana haki ya kujua makubaliano ya jozi. Hawana haki ya kujua karata zako. Ikiwa makubaliano yalielezwa sawasawa na karata hazilingani, matokeo yanabaki, hata yakiuma.

Kwa hiyo tofauti kati ya mchezo halali na kosa haiko kwenye karata. Iko kwenye makubaliano. Ndiyo maana nashangaa ninapoona mwamuzi akifungua mgao, anaangalia karata nne kwa nne, anaona dau halilingani na mkono, na anarekebisha alama hapo hapo. Ameangalia mahali pasipo na jibu.

USHAHIDI UKO WAPI?

Sheria yenyewe inajua kwamba makubaliano ni magumu kuthibitisha. Mwamuzi anaamua kwa kupima lipi linaelekea kuwa kweli zaidi. Haulizwi uhakika wa asilimia 100. Na pasipokuwa na ushahidi, anatakiwa achukulie kwamba maelezo ndiyo yaliyokosewa, si dau. Mzigo uko kwa anayedai amesahau tu. Naona ni haki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuandika makubaliano yake mapema.

Sasa tufungue faili. BBO huhifadhi migao katika muundo unaoitwa LIN, maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa kihariri chochote. Kila dau limo. Dau lililotolewa tahadhari lina alama ya mshangao, na maelezo yake hufuata. Mpangilio ni safi, umetenganishwa kwa mistari wima, na kijana wa mwaka wa kwanza anaweza kuuchambua kwa mistari ishirini ya Python.

Lakini faili hilo linahifadhi kilichosemwa. Kilichokubaliwa kabla ya mchezo hakimo. Mwamuzi ana kumbukumbu kamili ya kila kitu isipokuwa kile kimoja anachotakiwa kukiamua. Kadi ya mapatano ipo, ndiyo, lakini jozi mbili zilizookotana dakika tano kabla ya mashindano huwa hazijazi kitu. Wanaandikiana "tucheze kawaida" na kuanza. Kawaida ya nani? Ya Nairobi, ya Marekani au ya Poland?

Jambo hili linawezekana kutatuliwa, na si ndoto. Toleo la zamani la BBO la Windows lilikuwa na kitu kilichoitwa Full Disclosure: jozi iliandika mfumo wake mara moja, na wakati wa mnada maelezo yakajitokeza yenyewe mbele ya wapinzani. Roboti pia hufanya hivyo. GIB, programu ya Matthew Ginsberg iliyoshinda ubingwa wa dunia wa bridge ya kompyuta mwaka 1998, hucheza huko BBO na madau yake huja na maelezo yaliyotoka kwenye hifadhidata ya madau yake. Karata zake wakati mwingine hazilingani na maelezo, lakini hakuna anayebishana kuhusu yaliyokubaliwa. Yaliandikwa kabla.

NINGEFANYA HIVI

Kama ningepewa kazi ya kuandika jukwaa la bridge kesho asubuhi, haya manne yangekuwa kwenye toleo la kwanza:

1. Fomu ya maswali kumi kabla ya kuanza. Si kadi nzima yenye visanduku mia. Maswali kumi yanayoleta ugomvi zaidi: moja bila turufu yenu ni pointi ngapi, uru mbili ya kufungua maana yake nini, pau mbili juu ya moja bila turufu ya mpinzani maana yake nini. Jibu "hatujakubaliana" liruhusiwe, maana nalo ni jibu halali.

2. Nakala ya majibu igandishwe mashindano yanapoanza, ikiwa na saa na tarehe. Wanaotumia git wanajua ninachosema. Mwamuzi aone makubaliano yalivyokuwa saa mbili usiku, si yalivyohaririwa saa tatu baada ya kuitwa.

3. Dau lililo kwenye fomu lijitolee tahadhari. Ukibonyeza pau mbili na ulikwisha kuandika kwamba ni kopa na shupaza, programu iwaonyeshe wapinzani. Na ionyeshe maana, si jina. Kuandika "Landy" si kueleza. Kwa mtu wa Rongai aliyeanza juzi, "Landy" ni aina ya gari.

4. Uamuzi usitumwe bila sehemu nne: kilichotokea, kanuni iliyotumika, alama mpya, na kama ni urekebisho au adhabu. Kisha kitufe cha rufaa chenye saa inayohesabu. Kanuni ya 79 inaweka dakika 30 baada ya matokeo kutolewa, isipokuwa waandaaji wamepanga muda mwingine. Mchezaji wa kawaida hajui hata kwamba dakika hizo zipo.

Hiyo ya nne ndiyo ninayoipigania zaidi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Mkenya hakubali shilingi hamsini zihame bila ujumbe wenye nambari, saa na salio. Katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, hata marefa wa mpira walichukua kipaza sauti wakaeleza uwanja mzima uamuzi wa VAR. Bridge ni mchezo wa watu wanaojisifu kwa kufikiri. Wanakubalije alama zihame kimya kimya?

PINGAMIZI MBILI

Watasema: mwamuzi wa mtandaoni ana meza hamsini, anajitolea bure, na hana muda wa kuandika insha. Kweli. Ndiyo maana nasema ni kazi ya programu. Sehemu tatu kati ya nne zinaweza kujazwa na seva. Mwamuzi achague kanuni kwenye orodha na aandike mstari mmoja. Akishindwa kuandika mstari mmoja wa sababu, basi pengine hana sababu.

Wengine watasema: mpinzani angeuliza tu. Mtandaoni unabonyeza dau na unaulizia, na mwenzako haoni. Hoja hii ina uzito, na kwa mchezaji mzoefu naikubali nusu. Anayenusa kitu cha ajabu halafu akakaa kimya akisubiri kumwita mwamuzi asitegemee huruma nyingi. Lakini huwezi kuuliza kuhusu jambo ambalo hukujua kwamba lina swali. Wajibu wa kusema ni wa mwenye habari. Aliye gizani hapaswi kupapasa kila ukuta akitafuta swichi.

Bridge inahitaji wachezaji wapya, na wengi wao hawatatoka kwenye klabu zenye mazulia. Watatoka sehemu kama hapa, kwa simu, kwa Kiingereza cha kuunga, wakijifunza kwa kitabu walichopata. Watakosea tahadhari, hilo ni lazima. Wakirekebishwa na kuelezwa, watakaa. Wakirekebishwa kimya kimya, watarudi kwenye kadi, ambako angalau kila mtu mezani anajua kwa nini hukuruhusiwa kumaliza.

Nimeanza kuandika ile fomu ya maswali kumi, kwa Kiswahili kwanza. Mwenye kujua bridge au JavaScript, au vyote viwili, karibu tusaidiane. Na anayeona nimepotoka kuhusu Kanuni ya 40 aseme. Ila alete sababu.